Miwani ya Kijana Wetu

Tunaandika habari hii sisi wawili, mume na mke, wakaaji wa Lubumbashi. Maneno tumeyatafuta pamoja mezani, jioni baada ya jioni. Panapokuwa na jambo la mmoja wetu tu, tutasema "Baba" au "Mama", kama watoto wetu wanavyotuita. Twaanza kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo habari yenyewe haisimuliki.

Kijana wetu wa tatu ni fundi wa simu na kompyuta. Mchana hutengeneza simu za watu karibu na soko. Usiku hufunga mlango wa chumba chake, na kwa muda wa mwaka mzima tuliona mwanga wa buluu chini ya mlango huo hata saa nane za usiku. Mara twamsikia akicheka peke yake, mara akisema, "Polepole, polepole," wala hakuna mtu pamoja naye. Usiku mmoja Baba alichoka kuvumilia. Akafungua mlango ghafula, akamkuta ameketi kitini, macho yake yamefunikwa na kitu cheupe kikubwa kama kisanduku, mikononi ameshika manete, yaani kile kishikio cha vitufe cha kuchezea, na kichwa chake kinageuka huku na huku kama mtu anayetafuta mbu. Baba akasema maneno makali. Mtu wa miaka 27 anacheza kama mtoto, tena gizani, tena macho yamefungwa! Akamwita mzembe.

Kijana hakujibu neno. Tangu siku ile akawa anakula peke yake, siku kumi na moja. Mama ndiye aliyezihesabu.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumapili. Tulikuwa barazani baada ya chakula, naye akatoka chumbani akasimama mbele yetu. Akasema, "Baba, Mama, jambo hili siwezi kuwaeleza kwa maneno. Njooni mtazame kwanza, halafu mtanitukana."

Tukaenda.

Yafaa tuwaeleze vitu tulivyovikuta, maana hata sisi hatukuvijua. Kile kisanduku cheupe ni miwani ya namna mpya. Ile ya kijana wetu yaitwa Quest 2, nayo ilianza kuuzwa mwaka 2020. Uzito wake ni gramu 503, yaani nusu kilo inayoning'inia usoni. Ndugu yake aliye Ubelgiji alinunua nyingine mpya, akamtumia hii ya zamani. Ndani yake mna lenzi mbili, na nyuma ya lenzi mna picha mbili, kila jicho na picha yake. Ina betri ya litiamu, na betri nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya ile ichimbwayo duniani hutoka katika nchi yetu, hasa pande zetu hizi na za Kolwezi. Kwa hiyo huenda kile chombo tulichokichukia kina mavumbi ya kwetu ndani yake.

Mchezo wenyewe unaitwa Stray. Uliuzwa mara ya kwanza mwaka 2022, nao ulitengenezwa Montpellier, katika Ufaransa, na watu wa karakana iitwayo BlueTwelve. Anayecheza ni paka. Hana bunduki wala gari. Anatembea, anaruka, anakwaruza milango, analia nyau, katika mji uliofungwa ambamo hamna watu tena, mna mashine zinazotembea kama watu. Sasa lisikilizeni hili vizuri. Mchezo huu haukutengenezwa kwa miwani. Ulitengenezwa kwa kioo cha kawaida cha televisheni au kompyuta, kilicho bapa kama ukuta. Fundi mmoja anayejiita praydog ndiye aliyetunga programu iitwayo UEVR, akaitoa bure, na tangu mwaka 2024 wachezaji wengi wanaitumia. Kazi yake ni hii: mchezo uliozoea kuchora picha moja, programu inaulazimisha kuchora mbili, moja kama ionekanavyo kwa jicho la kushoto, nyingine kwa jicho la kulia. Mchezo wa zamani unabaki uleule, paka yuleyule, ukuta uleule, lakini sasa una kina.

"Kwa nini picha mbili?" Mama akauliza.

Kijana akatwambia tuinue kidole gumba mbele ya uso, tufumbe jicho moja, kisha tufumbe lingine. Nanyi wasomaji fanyeni hivyo sasa hivi. Mnaona? Kidole chaonekana kuruka, kumbe hakikutoka mahali pake. Ukuta wa mbali hauruki sana. Sababu yake ni kwamba macho yetu hayakai mahali pamoja. Kati ya mboni na mboni pana sentimita sita na kitu. Kila jicho lapeleka habari yake, na habari hizo mbili hazilingani. Akili yetu haikasiriki kwa kutolingana huko. Inazipokea zote mbili na kuziunganisha, na katika tofauti yao inasoma umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838. Alichora picha mbili za kitu kimoja, akaweka vioo viwili ili kila jicho lione picha yake tu, na ile michoro bapa ikasimama kama kitu cha kushikika. Akakiita chombo chake stereoskopu. Hata habari za kupiga picha kwa kamera zilikuwa bado hazijatangazwa duniani. Zilitangazwa mwaka uliofuata. Baba alilijaribu jambo la kidole, na kidole kikaruka vizuri. Ndiyo sababu hakujitilia shaka.

Mama akaanza. Kijana alisogeza lenzi zikaribiane, maana miwani ile ina nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68, naye akamwekea 58. Akamfunga mkanda kichwani polepole, kama mtu anayemvika mgonjwa. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini paka huyu ni mkubwa kama mbuzi!" Kijana akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tumsikie akicheka mbele yetu tangu siku nyingi. Akaeleza kwamba zile kamera mbili za mchezo zikikaribiana mno, ulimwengu waonekana kama wa majitu; zikiachana mno, kila kitu chaonekana kidogo kama sanamu za kuchezea. Lazima mtu atafute kipimo. Akabonyeza hapa na pale, na paka akawa paka.

Mama alituambia aliyoyaona, nasi twayaandika kama alivyoyasema. Mvua ilikuwa inanyesha. Matone hayakuwa juu ya picha, yalikuwa hewani, mengine karibu na pua yake, mengine mbali kule penye ukuta wa saruji ulioota majani. Paka alipita juu ya bomba. Chini ya bomba palikuwa na shimo, na Mama alilijua shimo hilo tumboni mwake kabla ya kulijua kwa akili. Bomba likavunjika, paka akaning'inia, akaanguka. "Eh mama yangu!" Akashika kiti kwa mikono miwili, na sahani iliyokuwa karibu ikaenda chini.

Baadaye kijana aligeuza picha kwa manete, kama wanavyofanya wachezaji mbele ya televisheni, na palepale Mama akasikia kichefuchefu. Hilo nalo lina sababu. Macho yanasema, "Tunazunguka," na sikio la ndani, linalotunza usawa wa mwili, linasema, "Sisi tumeketi." Mwili haupendi mashahidi wanaopingana namna hiyo. Mchezo uliotengenezwa kwa kioo bapa haukujali jambo hilo, kwani haukujua kwamba siku moja utafungwa usoni mwa mtu. Kijana akamvua miwani upesi, akampa maji.

Ikawa zamu ya Baba. Lenzi zikawekwa 68. Akaona mji, akaona mvua, akaona paka. Vyote vilikuwa vizuri na vyenye rangi, kama picha ya sinema iliyobandikwa usoni pake. Lakini ilikuwa picha.

"Unaona shimo, Baba?"

Na Baba akajibu, "Naona."

Hapo, wasomaji wapenzi, inatupasa kurudi nyuma miaka mingi. Mwaka 1967 mji wetu ulikuwa umekwisha kuacha jina la Elisabethville. Baba alikuwa na miaka tisa. Mwalimu mmoja alileta shuleni kisanduku cheusi cha kutazamia kiitwacho View-Master. Vitu hivyo vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1939, vikaenea dunia nzima. Ndani unatia kisahani cha karatasi chenye picha ndogo 14, yaani jozi 7, nawe unatazama kwa macho mawili. Kanuni yake ni ileile ya stereoskopu ya Wheatstone. Watoto wakasimama mstari. Kila mmoja akitazama apiga kelele: "Mlima unatoka! Ninaweza kuushika!" Baba akatazama. Akaona mlima mdogo, bapa, kama katika kitabu. Nyuma yake watoto thelathini walikuwa wanangoja. Akapiga kelele kama wenzake: "Ninauona! Unatoka!"

Tangu siku ile hakumwambia mtu. Alidhani wale wengine walikuwa wanazidisha maneno tu, kama watoto wanavyofanya. Na sasa, katika chumba cha mwanawe, neno lilelile lilitoka kinywani mwake bila kuombwa.

Alikaa hivyo, miwani usoni, hatukujua anawaza nini. Kisha akasema, "Hapana. Sioni. Ni picha tu."

Kijana hakucheka. Akamvua miwani, akampa kalamu mbili, akamwambia anyoshe mikono mbele na kugusanisha ncha zake, moja itoke kushoto, nyingine kulia. Baba akazikosanisha, moja ikapita mbele ya nyingine. Akajaribu tena, ikapita nyuma. Mama akazichukua, akazigusanisha mara ya kwanza.

Sisi sote twajua kwamba jicho la kushoto la Baba lina makengeza kidogo, laelekea puani, hasa akichoka. Ni hivyo tangu utoto. Hatukulifikiria kuwa ni jambo. Lakini macho yasipotazama mahali pamoja, akili ya mtoto haiwezi kuunganisha picha zake mbili, basi inajifunza kuiacha moja. Kila jicho laona, ila hayaoni pamoja.

Ndipo Baba akaanza kusema, na Mama aliyeishi naye miaka 38 hakuwa amepata kuyasikia. Mpira uliotupwa kwake ulimpiga usoni kila mara, hata wakamkataa katika kila timu. Alipotumwa kumpa mgeni maji, alimimina kando ya kikombe. Baba yake alimpiga kwa ajili ya mikeka iliyolowa. Alimwita mzembe. "Nikajitahidi sana kuwa mwangalifu," alisema, "na maji bado yakaenda kando. Mwishoni nikakubali kwamba mimi ni mzembe."

Kijana akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe hukuwa mzembe, Baba."

Hakuna aliyesema neno. Sote watatu tulilijua neno lile, lilikotoka na lilikofika siku kumi na mbili zilizopita.

Baada ya kitambo Baba akamwuliza swali ambalo tungalipaswa kumwuliza mwaka mzima uliopita: "Wewe unatafuta nini humo usiku?" Naye akajibu mambo mawili. La kwanza, umeme. Mchana katika mtaa wetu unakatika mara kwa mara, na ule kidogo unaopatikana anautumia kwa kazi. Usiku ndipo unapokaa. La pili alilisema akitazama mikono yake: "Mchana kutwa ninatazama skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, karibu na pua. Jioni macho yangu yanataka kuona mbali. Humu ndani kuna mbali." Na lile neno "polepole"? Kumbe alikuwa anamwambia paka.

Kisha akasema, "Baba, vaa tena. Lakini safari hii usitulie. Sogeza kichwa kushoto na kulia."

Baba akavaa. Akasogeza kichwa. Akaacha. Akasogeza tena. Bomba lililo karibu lilikimbia upesi, ukuta wa nyuma ukasogea kidogo, na minara ya mbali karibu isimame. Katikati ya bomba na ukuta pakafunguka nafasi. "Hilo hapo," akasema. "Shimo hilo hapo."

Maana yake ni hii. Picha za View-Master zimekufa. Ukisogeza kichwa hazibadiliki. Miwani hii inajua kichwa kiko wapi, na kila kinapohama kompyuta inachora upya kama mambo yaonekanavyo kutoka mahali pale papya. Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha jambo hilo mwaka 1968 kwa chombo cha kichwani kilichounganishwa na mtambo ulioning'inizwa darini. Kwa hiyo anayekosa njia ya macho mawili, bado ana njia ya mwendo. Picha mbili asizoweza kuzipata kwa mara moja, anazipata moja baada ya nyingine.

Mama akapiga makofi. "Ndiyo sababu unatikisa kichwa kama kuku ukitaka kuvuka barabara! Miaka yote nimeona haya kutembea nawe!" Tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Na ni kweli, alikuwa amejifundisha mwenyewe, bila kujua anajifundisha.

Tangu hapo tumekwenda kwa daktari wa macho. Alitwambia kwamba si hatari, na kwamba wapo wengi walio hivyo bila kujijua. Kijana wetu naye alitusomea habari za mwalimu mmoja wa Marekani, Susan Barry, mtaalamu wa ubongo, aliyekuwa na makengeza tangu utoto. Kwa mazoezi ya macho alianza kuona kina alipokuwa na umri wa miaka 48, akaandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 2009. Baba aliisikiliza habari hiyo mara mbili. Bado hajaamua kama atajaribu.

Lakini enyi wazazi, msingoje kama sisi. Mtoto wenu akiwa na makengeza, au akiegemeza kichwa upande mmoja kila atazamapo, au akimimina kando ya kikombe kila siku, mpelekeni kwa daktari wa macho mapema, kwa maana macho ya mtoto husaidika kuliko ya mtu mzima. Huko Marekani, mwaka 2021, wakuu wa dawa walikubali hata tiba iitwayo Luminopia, wakati huo kwa watoto wa miaka 4 hadi 7 wenye jicho vivu, ambayo mtoto hutazama filamu ndani ya miwani ya namna hii, ili macho yao yajifunze kufanya kazi pamoja. Na kabla ya kumpiga mtoto kwa ajili ya maji yaliyomwagika, mpeni kalamu mbili.

Hatusemi kwamba kila mchezo ni mwema, wala kwamba kukesha ni kwema. Tumepatana na kijana: mwisho saa tano za usiku, na akila anakula pamoja nasi. Saa nyingine yeye mwenyewe huja kutuita, tukatazame mahali paka alipofika. Mama hutazama dakika kumi, kabla ya tumbo kumkataza. Baba hutazama zaidi, akisogeza kichwa.

Jioni hii tunapomaliza kuandika, umeme umekatika. Mshumaa uko mezani, na Baba anatumiminia chai. Anaigusisha birika kwanza kwenye ukingo wa kikombe, ndipo anainamisha. Amefanya hivyo maisha yake yote, nasi tulidhani ni desturi ya kwao. Kijana wetu anamtazama, halafu anasogeza kikombe chake karibu.